Injini ya Ndiwa na Injini ya Laban

Tulimzika Fundi Wafula mwezi uliopita, kwao nyumbani, mwendo mfupi kutoka Kanduyi, na kwa saa tatu nzima nilikaa kwenye kiti cha plastiki nikisikiliza watu wazima wakidanganya mbele ya jeneza. Mchungaji alisema marehemu aliweza kujua ugonjwa wa gari kwa kulaza sikio juu ya boneti. Binamu yake akasema hakuna injini iliyowahi kumshinda. Wazee wakaitikia, akina mama wakafuta machozi kwa ncha za leso, na mimi nikauma meno. Kisha mwenye kuongoza shughuli akaniita nisimame: "Yule binti marehemu alifunza kwa mkono wake mwenyewe, saa hii ako na gereji yake hapa Bungoma!" Binti, mimi, na magoti haya yanayolia kila nikiinuka. Nilisimama, nikasema, "Fundi Wafula alinipa barua," nikaketi. Watu wakapiga makofi wakidhani majonzi yamenizuia kuendelea. Hayakuwa majonzi. Nilikuwa na dharau tele moyoni, na sikuwa na uhakika kama yote ilikuwa ya yule aliyelala ndani ya sanduku. Ndiyo sababu naandika haya. Mambo ya wazazi wangu na shule ya msingi niliyosoma hayana faida hapa. Mwaka ninaotaka kuueleza ni mmoja tu, 2004, na niliuishi karibu wote Kitale.

Nilifika Kitale mwezi wa Januari nikiwa na ovaroli moja na cheti cha chuo cha ufundi. Nilikodi chumba mtaa wa Matisi, chumba cha mabati kilichogawanywa kwa mbao nyembamba hivi kwamba jirani akikoroga chai, mimi nilijua ameweka sukari vijiko vingapi. Asubuhi kilikuwa na baridi ya kukata masikio, mchana kikawa tanuri. Nilichokuja kutafuta kilikuwa kitu kimoja. Ili kukubaliwa kufanya mtihani wa serikali wa mafundi, nilihitaji barua ya fundi anayejulikana, ikisema nimefanya kazi chini yake miezi kumi bila lawama. Bila barua hiyo, cheti changu kingefaa kufungia mandazi. Niliingia gereji sita. Katika tano walinicheka, fundi mmoja akaniuliza kama nimepotea njia ya saluni. Wa sita alikuwa Wafula. Hakucheka. Aliushika mkono wangu, akaugeuza huku na huku, akaufinya vidole, akasema, "Huu utaingia pahali yangu haiingii. Reta ovaroli kesho." Ndivyo nilivyoajiriwa. Nyuma ya turbo ya zile injini za dizeli hakuna nafasi ya ngumi ya mwanamume, na Wafula alikuwa amechoka kuchubuka vidole. Nilijiona nimepata mwalimu, kumbe yeye alikuwa amepata spana.

Gereji yenyewe ilikuwa uwanja wa udongo uliolowa oili, kibanda kimoja cha kufungia vifaa, na benchi chini ya mabati ambapo chakula cha mchana kililiwa. Chakula kililetwa na Mama Truphena kutoka kibanda chake cha ng'ambo ya barabara: maharagwe na chapati, au githeri, na siku za Ijumaa matumbo. Benchi hilo ndilo lililokuwa chuo kikuu cha Wafula. Hapo ndipo alipokuwa akifundisha, mdomo umejaa chapati, na mafundi wenzake wawili wakiitikia kila neno. Nilisikia hapo mambo ambayo hata leo yakinijia nikiwa kanisani huwa nacheka kwa pua. Kwamba thermostati, kile kidude cha kuongoza joto la injini, ni kitu kiliwekwa na wazungu kuharibu magari ya Waafrika, ing'olewe mara moja. Kwamba oili nyeusi ndiyo oili iliyokomaa. Na juu ya yote, fundisho lake kuu, ambalo alilisema akipiga goti kwa kiganja: "Namba ni moja, nguvu ni moja." Maana yake ni kwamba injini mbili zikiwa zimegongwa namba ya aina moja kwenye chuma, basi lazima zitoe nguvu sawasawa, gari liwe refu, fupi, la mizigo au la harusi. Mtu akileta gari lililo nyonge kuliko la jirani yake lenye injini ya aina ile ile, Wafula alishika tochi, akainama, akaisoma ile namba kwa sauti kubwa kama anayesoma Zaburi, akainuka na jibu: kuna kitu kimefungwa humu ndani, nasi tutakifungua.

Mwezi wa Mei wakaja ndugu wawili kutoka Endebess. Mkubwa aliitwa Laban, mkulima wa mahindi mwenye tumbo na gari jipya kutoka Japani, jipya kwa maana ya kwetu, yaani lilikuwa limechoshwa na mtu mwingine kwanza. Lilikuwa gari refu la viti saba. Mdogo wake aliitwa Ndiwa, mtu mwembamba, mpole, mwenye pikapu. Kila asubuhi Ndiwa alipita kwa majirani akikusanya mitungi ya maziwa na kuileta Kitale, na familia karibu kumi na tano zilimtegemea, pamoja na yake. Magari yote mawili yalikuwa na injini ya kampuni ile ile, dizeli, turbo, namba ya aina moja. Na Laban, ambaye sikuwahi kumpenda hata dakika moja, alikuwa na mchezo wa kungoja pikapu ya mdogo wake pale mlima unapoanza, amfuate nyuma kidogo, halafu ampite akipiga honi. Jumapili mezani kwa mama yao alisimulia jinsi alivyompita. Hilo ndilo lililomleta Ndiwa kwetu. Pikapu yake haikuwa na kasoro yoyote. Ilibeba maziwa, ilifika kwa wakati, ilirudi. Alichotaka ni kutopigiwa honi.

Kulikuwa na desturi pale kwetu iliyoitwa kupima mlima. Magari mawili yanayobishaniwa yalipakiwa magunia ya mahindi yaliyo sawa, yakapelekwa barabara ya Endebess, yakaachiliwa pamoja chini ya kilima, na mafundi wote wakaenda kusimama juu kuona. Kazi ilisimama kwa ajili ya upuuzi huo nusu siku, na wenye magari mengine waliokuwa wakisubiri walikuja nao, wakishangilia. Siku ya kina Ndiwa, gari la Laban lilifika juu likiwa limeacha pikapu nyuma kabisa. Laban akashuka, akavua kofia, akapepea uso kana kwamba yeye ndiye aliyebeba magunia. Ndiwa akafika, akazima gari, akakaa ndani mikono ikiwa bado kwenye usukani. Nilimwonea huruma, na nilikasirika pia, kwa sababu nilijua lile jambo lilielezeka kwa maneno machache, na hakuna hata mmoja pale juu aliyetaka kuelezwa.

Mchana ule kwenye benchi mabishano yalinoga. Fundi mmoja akasema Ndiwa ameuziwa injini iliyochunwa vipuri bandarini Mombasa. Mwingine akasema, "Si hivyo bana, Mjapani anajua pikapu inakuja Afrika, ati anatutumia zile dhaifu." Mama Truphena, akikusanya sahani, akauliza kama pikapu imeombewa. Kwa kweli swali lake halikuwa na upuuzi zaidi ya yale mengine. Mimi nilikuwa na kitabu. Nilikinunua kwa muuza vitabu vya mitumba, kitabu cha mafundi cha injini hiyo hiyo, na ndani yake kulikuwa na ukurasa wenye safu tatu: injini moja, magari matatu, nguvu tatu tofauti. Turbo, kwa msomaji asiyeshughulika na magari, ni feni ndogo inayozungushwa na moshi wa injini yenyewe. Inashindilia hewa ndani ya silinda, na hewa ikiwa nyingi, dizeli nyingi zaidi inaweza kuchomwa, nguvu ikatoka. Lakini hewa ikishindiliwa hupata moto. Gari la Laban lilikuwa na rejeta ya pili mbele, ya kuipoza hiyo hewa kabla haijaingia. Pikapu haikuwa nayo. Turbo ya pikapu ilikuwa ndogo, ya kuvuta mapema gari likiwa polepole na mzigo mgongoni. Pampu yake ya dizeli ilipimwa kumwaga kidogo, na giaboksi yake haikutengenezwa kuhimili zaidi. Wenyewe walioiunda walikuwa wamekaa wakaamua: hili ni la kukimbia na watu saba, na hili ni la kubeba mizigo kila siku kwa miaka bila kufa. Ilikuwa injini moja iliyogawiwa kazi mbili. Mtoto wa darasa la sita angeelewa.

Nikafungua kitabu juu ya benchi. "Fundi, hizi injini zimepangwa tofauti," nikasema. "Hiyo ya Laban iko na rejeta ya kupoza hewa. Ya Ndiwa haina. Tukisukuma hewa zaidi, pistoni itayeyuka."

Wafula alitafuna hadi akamaliza. "Sasa Mjapani atengeneze injini mzuri, halafu aifunge miguu makusudi?"

"Hajaifunga. Ameipimia kazi yake."

"Nekesa, hiyo kitabu imewahi kushika spana?"

Wakacheka wote, akaweka bakuli lake la maharagwe juu ya ukurasa wangu ili lisimchome paja. Mimi nikafanya nini? Nikangoja amalize kula, nikapangusa kitabu, nikakirudisha mfukoni. Ilikuwa Mei. Barua ilikuwa bado miezi sita. Najua vijana wa siku hizi wangesema wangepiga meza, wangeondoka. Wangepiga meza kwenye simu zao labda. Mimi nilikuwa nimeshahesabu gereji tano zilizonicheka, na niliogopa kuzihesabu tena.

Ndiwa mwenyewe alikuwa amesimama pembeni akisikiliza. Alinijia karibu na pipa la maji, akaniuliza kwa sauti ya chini, "Dada, wewe unaonaje? Wakaze ama wasikaze?" Hakuna mteja aliyewahi kuniuliza naonaje. Nilitazama benchi. Wafula alikuwa ananitazama, akichokonoa meno kwa njiti. Nikamwambia Ndiwa, "Fundi ndiye anajua." Maneno matatu. Nimesema maneno mengi ya kijinga maishani, lakini hayo matatu bado hayajanitoka.

Alasiri hiyo niliingiza mkono nyuma ya turbo. Pana kijiti cha chuma hapo kinachofungua mlango mdogo wa kupunguza presha, na kijiti hicho kina nati. Ukikifupisha, mlango unachelewa kufunguka, turbo inashindilia zaidi. Wafula alisimama juu yangu na kusema zungusha mara nne. Nilizungusha nikihesabu kwa sauti: moja, mbili, tatu, nne. Akasema inatosha. Kisha yeye mwenyewe akafungua skrubu ya pampu ili dizeli imwagike zaidi, akawasha, moshi mweusi ukafunika uwanja mzima, akashangilia. Kwake moshi mweusi ulikuwa alama ya afya. Wakapima mlima tena wiki ile ile, na pikapu ikafika juu pua kwa pua na gari la Laban. Ndiwa alishuka akiwa analia machozi kabisa. Alimkumbatia Wafula. Kesho yake alituletea mtungi wa maziwa, na tulikunywa chai nzito siku tatu. Niliinywa pia, na ilikuwa tamu.

Kwa zaidi ya miezi miwili pikapu ilitamba. Nasikia Laban aliacha kusimulia mezani kwa mama yao. Halafu, asubuhi moja ya Agosti, katikati ya Endebess na Kitale, ikapiga kishindo kimoja, ikamwaga oili barabarani na kufa. Jua likapanda, maziwa ya mitungi yote yakaganda. Ilivutwa hadi kwetu kwa trekta ya Laban, na Laban alikuja akiiendesha mwenyewe, ili asikose uhondo. Nilipofungua kichwa cha injini, pistoni ya tatu ilikuwa na tundu la kupitisha kidole gumba, kingo zake zimelainika. Niliitoa nikaiweka juu ya benchi, pale pale pa maharagwe. Nilimtazama Wafula na nikadhani, kwa upumbavu wangu wa miaka ishirini na mbili, kwamba sasa ameona kwa macho.

Alishika ile pistoni, akaigeuza, akamwambia Ndiwa, "Pole sana, ndugu yangu. Huyu msichana alikaza kupita. Mimi nilimwambia nne." Mafundi wale wawili, ambao walisikia nikihesabu, wakaangalia viatu vyao. Kisha Wafula akaniita nyuma ya kibanda. Hakuwa na hasira hata kidogo, na hilo ndilo lililonichukiza zaidi. Alisema, kama anayenipa ushauri wa mzazi: "Wewe uko na barua unangoja. Mimi niko na jina. Ukisema umekosea, ni kosa ya mwanafunzi, watu wanasahau. Mimi nikikosea, gereji inafungwa, na hiyo barua nani ataandika?" Nikarudi mbele ya watu, nikamwambia Ndiwa, "Ni mimi. Nilizungusha zaidi ya vile nilionyeshwa. Nisamehe."

Laban akacheka. Ndiwa hakucheka. Alivua kofia yake, akanishika mkono, huo huo mkono mdogo, kwa mikono yake miwili. "Asante dada kwa kusema ukweli," akasema. "Mwanaume hangekubali." Usiku huo sikula, na asubuhi nilienda kazini kama kawaida, kwa sababu ndivyo mtu wa aina yangu alivyofanya. Nimemdharau Wafula miaka mingi, na ninamdharau bado, lakini yeye angalau aliamini ujinga wake. Mimi nilijua kila kitu, na uwongo niliusema kwa ufasaha.

Barua niliipata Novemba. Ilisema nina bidii na heshima. Nilifanya mtihani, nikaupita, na kabla ya Krismasi nilikuwa nimepata kazi katika gereji kubwa ya Bungoma, yenye sakafu ya saruji na msimamizi anayesoma vitabu. Nilijiona nimetoka matopeni. Wiki ya pili, msimamizi akatuambia kuna pikapu inavutwa kutoka upande wa Kanduyi, ikiwa imejaa viazi. Niliitambua kabla haijaingia langoni. Ndiwa alishuka, amekonda zaidi. Nilijua kutoka kwa watu wa Kitale kwamba wale majirani walikuwa wamempa mtu mwingine maziwa yao kabla haujapita mwezi tangu asubuhi hiyo ya Agosti, na kwamba aliuza ng'ombe wawili wanaokamuliwa akanunua injini nyingine, aina ile ile. Sikujua alikuwa ameirudisha kwa nani ifungwe.

"Dada Nekesa," akasema, akishangaa kuniona. Tukasalimiana. Aliuliza habari za mama yangu. Kisha akaonyesha boneti kwa kidevu. "Hii alikaza Wafula mwenyewe. Nilimwambia safari hii asimpe mtoto wa watu, afanye na mkono yake. Akafanya polepole sana, nikiona. Na imekufa vile vile. Wewe uliniambia ilikuwa mkono yako. Sasa hii ni mkono ya nani?"

Nikamweleza. Nilianza na rejeta ya hewa, nikaenda kwenye turbo ndogo, pampu, giaboksi, kwa nini kiwanda kinaweza kutoa injini moja na kuipa magari mawili nguvu mbili, na kwamba pikapu yake haikuwahi kuugua. Nilieleza vizuri sana. Nilieleza kwa mpangilio, kwa Kiswahili chepesi, vile ningetaka kueleza siku ile kwenye benchi, na alielewa yote mara moja, kwa sababu hakuwa mjinga, hakuwahi kuwa mjinga, alikuwa tu ameuliza watu wasiofaa. Nilipomaliza aliitikia kwa kichwa mara kadhaa.

"Haya yote ulijua lini?" akauliza. "Kabla ya kukaza ile ya kwanza, ama baadaye?"

"Kabla," nikamwambia.

Msimamizi akatokea na trei ya vifaa, akaniambia nianze kung'oa kichwa cha injini. Nilinyoosha mkono kuchukua spana. Ndiwa akaweka kiganja chake juu ya boneti, taratibu, bila hasira. Nikairudisha spana kwenye trei, nikasogea kando, na nikamsikia akimweleza msimamizi, kwa adabu yake ile ile, kwamba hana ubaya wowote na mimi, ni vile tu angeomba mtu mwingine, mtu ambaye akijua kitu anasema.